Koki Tatu

Fundi Ambakisye alichora kwa chaki ukutani:
mkono ukilala na bomba, maji ruksa;
ukikingama, yamekatazwa.
Akakunja suruali, akarudi zake Tukuyu.

Julai hii, Uzunguni, baridi inauma mpaka kwenye fizi.
Mama Sekela anataka beseni la moto lijae
kabla wageni hawajavua makoti.
Nafungua ya kushoto: bwawa linashuka.
Nafunga ya kulia: pampu inakohoa, inameza hewa.
Ukungu wa Loleza umelamba nusu ya chaki.

Nashika mabomba kwa kiganja, moja moja,
kama apimaye homa watoto waliolala mkeka mmoja.
Hili baridi. Hili baridi.
Hili —
lina uvuguvugu.

Nageuza robo.
Ndani ya ukuta
kitu kinameza mate.