Ekseli

Tufe dogo gumu linatetemeka juu ya ekseli
mara elfu ishirini kwa sekunde,
na karakana nzima ya Rotherham kimya.
Mbwa wa Oldroyd tu ndiye anayesikia, chini ya benchi,
masikio wima, mkia kaufyata.

Nimeinama kutazama sakafu: hakuna hata chembe.
Tupa hula. Msasa hula.
Hili linakanda tu,
mpaka ngozi ya chuma ijibane,
ufa ukibisha ukose pa kutia ukucha.

"Pitisha kidole," ananiambia Oldroyd.
Napitisha. Baridi. Laini kama kete ya bao.

Vyake vimekufa ganzi,
miaka arobaini ya mitetemo.
Ananitazama usoni:
"Je, imekaa sawa?"