Fundo Chini ya Kidole cha Mwisho

Bunduki namba sabini na mbili
ilitengenezwa na mtu asiyenijua.
Alimpimia nani, sijui; dume fulani
lenye viganja kama sinia,
maana nikikikumbatia kile kishikio
kidole changu cha shahada hufika kifyatulioni
kwa ncha tu, kama mtoto anayechuchumia
sukari iliyofichwa juu ya kabati.

Tunazunguka tangu alfajiri, mimi na Lomuria,
nyuma ya kifaru jike asiyejua kuwa ana walinzi.
Ziwa limepanda, limemeza barabara ya zamani,
migunga imefia majini ikiwa wima.
Tunapita juu, kwenye mawe.
Ikifika saa tisa, kati ya gumba na shahada
pameshaingia ganzi,
na usiku, nyumbani Kaptembwo,
mwiko unaniponyoka.
Mume wangu aliuokota, akausuuza, akasonga yeye.
Ugali ulikuwa na madonge. Nikala.

Mama, kule Kabarnet, alinunua jembe bila mpini.
Mpini, alisema, haununuliwi kwa macho.
Akashika huu, akauacha, akashika ule,
akalima hewa mbele ya mwenye duka
hadi wapita njia wakadhani amechanganyikiwa.

“Mali ya serikali haipigwi tupa, Jerotich,”
alisema Koplo Isutsa wa ghala la silaha,
akiutazama mkono wangu kama risiti ya kughushi.
“Mbona wenzako hawalalamiki?”
Wenzangu! Lomuria anavaa viatu namba kumi na moja.

Ila wiki mbili baadaye, bila kuinua macho,
akasukuma juu ya meza kishikio cha mbao,
kikuukuu, kimepasuka ubavuni.
“Hiki kimeshafutwa kitabuni,” akasema. “Mimi sijakiona.”

Nyaberi, fundi viatu wa Bondeni,
alikilaza kiganja changu juu ya kipande cha boksi,
akakizungushia penseli,
akauliza panapouma, akapatia alama ya msalaba.
“Kiatu kikibana, mtu anachechemea, watu wanaona.
Mkono unaumia kimyakimya.”
Akapunguza mgongo wa ile mbao,
akajaza ufa kwa gundi na vumbi la msasa,
akachonga kitanda cha gumba.
Kila mara: shika. Achia. Shika tena.
Chini kabisa kulikuwa na fundo la mti,
gumu kama kokwa. Tupa ikateleza juu yake.
“Nikipata tupa mpya utaniletea nilimalize.”

Isutsa akakikaza mwenyewe, skrubu moja,
akanipeleka uwanja wa shabaha, akahesabu matundu.
Hakunipongeza. Aliandika kitu kitabuni.

Siku ya kwanza nilitembea hadi Makalia
nikasahau nimebeba nini.
Nilikuwa nawaza karo, na bei ya unga,
mkono umelala pale kama uko mfukoni,
mara leleshwa ikatikisika,
si kifaru, ni watu, wawili, kitu cha chuma kikimeta,
na kidole changu kilikuwa kimeshafika.
Kilifika chote. Hakikuchuchumia.
Hakuna aliyekituma.

Ndipo lile fundo likanibonyeza
chini ya kidole cha mwisho.
Kidogo tu. Kama jiwe ndani ya soksi.
Nikajua nimeshika nini.

Walikuwa vijana wa Rhonda, na mundu mmoja,
wameruka ua kukata nyasi za ng'ombe.
Mdogo alikuwa amevaa sweta la shule.
Lomuria aliwafokea hadi sauti ikamkauka.
Mimi nilikaa juu ya jiwe,
nikakikunja kidole, nikakikunjua,
nikakitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Kila Jumamosi Nyaberi ananipigia kelele
kutoka ng'ambo ya barabara:
“Tupa imefika! Lete tulimalize!”
Namwambia nitapita.
Nampelekea viatu.