Jirani Hodi, Jirani Karibu

Saa nane na dakika kumi usiku, Viwandani.
Kiwanda cha maziwa kimenyamaza kama mtoto aliyevunja kikombe.
Feni za ruta tu ndizo zinanung'unika,
nami nimekalia kreti iliyopinduliwa,
laptopu mapajani, chai imeshaota ngozi.

Jioni tulifuta njia zote zilizoandikwa kwa mkono.
Tukasema, sasa ruta ziongee zenyewe,
zipashane habari, zijue barabara ipi imefungwa
bila kumwamsha mtu.
Nyaboke akapiga makofi.
Kisha ghala la Kariobangi likapotea.

Wala halikupotea kwa ukimya. Ajabu iko hapo:
salamu naziona.
Kila sekunde kumi ruta ya huku yabisha, Hodi,
ya kule yaitika, Karibu.
Hodi. Karibu.
Adabu tupu usiku kucha,
na hakuna anayeingia.

Nimepima kila ninachokijua.
Waya mzima. Taa kijani.
Eneo ni sifuri huku, sifuri kule.
Muda wa salamu unalingana.
Nywila nimeisoma kwa simu, herufi kwa herufi,
na Kiptanui akairudia kutoka kule
kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya marehemu.
Skrini inasema: wanaanza.
Tangu saa nne wanaanza.

Muchemi anapiga, sauti bado ina mto.
"Nduta, rudisha ile njia ya mkono tulale.
Malori kumi na moja yako getini Kariobangi,
na maziwa hayajui itifaki."

Kweli hayajui. Yanachacha tu.

Vidole viko tayari, ni mstari mmoja wa amri.
Lakini njia ya mkono ni kipofu aliyekariri mtaa:
siku wakichimba barabara atatembea vilevile,
kifua mbele,
hadi shimoni.
Nikaomba dakika ishirini. Akanipa kumi.

Nikatuma kifurushi kidogo, kikafika.
Cha wastani, kikafika.
Nikajaza kingine pomoni, baiti elfu moja na mia tano,
nikakataza kisikatwe vipande.
Hakikuvuka hata kizingiti chetu.

Ala!
Salamu ni nyepesi, hupenya tundu la ufunguo.
Ila majirani wakishajuliana hali huja mzigo wenyewe,
ramani nzima ya mtaa, nani kapakana na nani,
na mlango wa huku
ulikuwa umebanwa kwa baiti mia moja.

Nani aliubana?
Nikafungua usanidi. Juu ya ile namba,
maelezo: maneno mawili, herufi mbili.
*ya muda – N.W.*

Nduta Warui. Mimi.
Aprili ya mwaka juzi, mvua, tingatinga limekata kebo
kando ya Outering, tukapitia redio ya kuazima
isiyoweza mizigo mizito.
Niliubana mlango kwa wiki moja.
Wiki yenyewe haijaisha.
Na njia za mkono hazikuuliza kitu,
zilinisitiri miaka miwili, zikipita kiubavu
bila hata kukohoa.

"Ni huku," nikamwambia Kiptanui.
Hakucheka. Akasema, "Basi panua."

Wanaanza.
Wanabadilishana.
Wanapakia,
na hapo nikagundua nimeacha kupumua.
Wamekamilika.

Kwenye simu nikasikia lori la kwanza likikohoa,
geti likiburuzwa, mtu akimtukana mtu
kwa furaha kabisa.

Nimefuta *ya muda*.
Herufi zangu nimeziacha, nikaongeza tarehe.
Muchemi alipouliza tatizo lilikuwa nini
nikamjibu, mlango ulikuwa mwembamba.
Hakuuliza ni nani fundi.
Nikanywa ile chai hivyo hivyo, na ngozi yake.