Kisima cha Garimoshi

(kati ya Igalula na Goweko, Tabora)

Kibao kinasema: kina chake mita thelathini na nne.
Mimi nasema: subirini.
Shika kokoto hii, wewe mwenye kofia. Iachie.
Wengine nyamazeni, hata mpiga picha.

Moja.
Mbili.
Kabla ya tatu:
chubwi!

Kila kundi hucheka papo hapo.

Sasa tazameni mawe. Hayana saruji.
Yamechongwa membamba ndani, mapana nje,
kama vipande vya boga vilivyorudishwa mahali pake;
ardhi ikisukuma, ndipo yanapokazana.
Mhandisi mmoja kutoka Dodoma alipiga magoti hapa,
akajaribu kupitisha wembe katikati ya mawili.
Alipoinuka, suruali imejaa vumbi,
alisema neno moja tu: "Aisee."

Aliyejenga? Kibao kimeandika kampuni ya reli.
Babu yangu, Mhoja Kasonta, alikuwa mtu wa chini.
Walimshusha kwa kamba alfajiri,
ndoo za udongo zikapanda zikimkwaruza bega,
bega lile lile, mpaka likazeeka kabla yake.
Alisema mchana, kutoka kule, aliona nyota.
Mwalimu wa fizikia aliyekuja mwaka juzi alikataa.
Mimi sijashuka.

Maji yalikuwa ya garimoshi.
Lilisimama pale penye mwarobaini, likanywa,
likanywa, likatema mvuke, likaondoka,
na kijiji kizima kikabaki na ndoo kavu
kikisikiliza likipanda mlima bila haraka.

Siku hizi dizeli haina kiu.
Inapita, inapiga honi, watoto wanapunga.

Njoo huku, mama. Na wewe. Inameni.
Mnaona mifereji hii ukingoni?
Hiyo haimo katika ramani ya kisima.
Usiku mlinzi alilala, au alijifanya,
na wanawake wakaja na kamba zao.
Nimehesabu kumi na saba.
Kumi na sita imelalia upande mmoja.
Huu mmoja umekwenda kinyume:
ni wa mama yangu, Kalunde.
Alikuwa anateka kwa mkono wa kushoto,
na kwao walimchapa sana kwa mkono huo.

Wekeni kidole. Kinaingia chote, eti?
Jiwe la mlimani, ambalo patasi ya babu ililia juu yake,
limekatwa na katani.