Herufi Sita

Kila Jumatano, Isha ikishasaliwa,
tunapanda ngazi juu ya duka la dawa la Azzan, pale Sib,
kiyoyozi kinakohoa kama mzee wa tumbaku,
na Bi Ruzuna anakunjua karatasi ya miraba
aliyoichora kwa rula ya mjukuu wake.
Miraba myeusi ameipaka wanja.
Wino, anasema, hautoi weusi wa kweli.

Tu wanne. Halua sahani moja. Sheria moja:
hutaji jibu bila kutaja njia.
Ukisema "nimehisi tu," vikombe vyote unaosha wewe.

Tatu mlalo. *Mke wa Adamu kawa kadogo; tunampiga fundo.*
Thuweiba, muuguzi mstaafu, finjani mdomoni,
anacheka hadi kahawa inampalia:
"Hawa! Mtangulizie ka ya udogo!"
Sote tukavitazama vikombe kwa haya,
kama watu waliofumaniwa wakichungulia.

Saba wima. *Utajiri kichwa chini: shika jembe.*
Hii yangu. Hii ni kinyume,
lugha aliyonifunza mama jikoni
ili tumsengenye jirani naye amekaa papo hapo.
Mali. Li, ma. Lima.
Mimi jembe sijalishika maishani;
mtende wetu mmoja hunyweshwa na mpira wenye saa.

Kumi wima. *Mji ulioweka kati yake mwishoni.*
Azzan kazunguka Ghuba nzima, Manama, Sohari, Doha,
karudi kwa Nizwa, kaikataa Nizwa,
dakika ishirini, jasho na kiyoyozi kinawaka,
mpaka alipoinua macho dirishani
kibao cha barabara kikamcheka: Maskati.
"Kati nimeiona," akasema. "Na hiyo *mas* inafanya nini?"
"Haifanyi kitu. Abiria tu."
"Si haki! Kila herufi ilipwe mshahara wake!"
Wakabishana hadi halua ikaota ngozi.
Bi Ruzuna akakiri kosa, akakataa kuifuta.

Ikabaki moja, kumi na tisa mlalo.
*Samaki wamevurugwa: iliyotuleta huku.* Herufi sita.
M imeshakaa mwanzoni, A mwishoni.
Samaki, nikawatikisa kichwani mwangu,
wakatua wamelowa: "Masika!"
Na kiherehere changu, nikajaza kwa wino.

Thuweiba akanitazama juu ya miwani.
"Masika yepi yamekuleta, mwanangu?
Wewe umezaliwa Ruwi.
Mvua umeihesabu kwa vidole."
Azzan akasogeza taa.
"Soma ngeli. Masika *yaliyo*tuleta.
Hapa kaandika *iliyo*."

Iliyo.
Mmoja, mi-. Wengi, i-.
Samaki wale wale sita,
nikawatikisa tena, safari hii polepole,
na hakuna aliyenihimiza.
Bi Ruzuna alikuwa akikusanya ufuta wa halua
kwa ncha ya kidole, punje moja moja,
kama anayetafuta kitu kilichodondoka
kabla sisi wengine hatujafika chumbani.

"Mikasa," nikasema.

Usiku ule hakuna aliyedai njia.

Nikaigandamiza K juu ya S,
ikatoka K yenye kitambi,
I ikapanda juu ya A, A ikapanda juu ya I,
karatasi ikatoboka kidogo pale katikati.
Kisha nikainuka, bila kuambiwa,
nikakusanya vikombe.