Magunzi ya Buluu

Kamwene, Sengimba. Usiinuke, endelea kupalilia.
Nimeteremka na ndoo, sikuja na maneno.
Maneno tuliyamaliza mwaka ule
figili zako zilipong'oka na mizizi ya zambarau,
ukazipeleka sokoni, zikarudi,
ukazimwaga mlangoni kwangu bila salamu.

Nilisema: si maji yangu.
Ulisema: mtaro una mdomo mmoja.

Nilikuwa naongopa. Miaka kumi na mitatu
nayeyusha nta, nachora, natumbukiza marikani,
nasuuza, namwaga,
na kila Alhamisi Ruaha Mdogo
ulivaa nguo yangu kabla ya mteja.

Sasa sikiliza.
Binti wa dada yangu, Leokadia, alikuja likizo
na kigunia cha magunzi. Nikamcheka:
ya kuwashia moto tunayo, haya umeyabeba toka Ilula ya nini?
Akajibu: mama mdogo, gunzi halijastaafu
eti kwa sababu mahindi yamepukuchuliwa.

Akayatwanga. Akayachekecha kwa chekeche langu la unga
(sijamsamehe). Akayaloweka kwenye maji ya ndimu,
akayaanika juu ya bati, kuku wakadonoa, wakatema.
Akaagiza maranda ya msindano toka Mafinga.
Akaokota mbawa za kumbikumbi, zile tunazofagia
asubuhi ya mvua ya kwanza huku tukizitukana,
akazichemsha siku mbili,
nyumba nzima ikanuka kwato.

"Vyote hivi ni mnyororo," alisema. "Gunzi, ubao, bawa:
chembe imeshika chembe, mkono kwa mkono,
mamia kwa mamia,
na pembeni kuna mikono iliyobaki mitupu.
Rangi ikipita, inashikwa."

Sikuelewa. Nilikuwa na kitambaa cha harusi cha kumalizia.

Pipa la kwanza lilituaibisha.
Maranda yalitema rangi yao wenyewe,
tukamwaga buluu, tukakinga chai.
La pili likavuja.
La tatu tulilifunga kwa mpira wa baiskeli:
changarawe chini, mchanga, magunzi,
zile mbawa zilizogeuka uji mweupe, kisha magunzi tena.
Usiku kucha nikasikia tone, tone, tone,
kama bahili anayehesabu sarafu gizani.

Asubuhi nikachungulia kwenye beseni.
Niliona ua lililochorwa chini ya beseni, Sengimba.
Beseni lile nimelitumia tangu nahamia Ipogolo,
sikujua lina ua.

Nyekundu inashikwa. Buluu inashikwa, ukiwa na subira.
Nyeusi bado kaidi, inapita imeinamisha kichwa,
inatoka kijivu.
Na nikuambie lile ambalo Leokadia
aliliandika ukurasa wa mwisho wa daftari, kwa herufi ndogo:
rangi haifi. Inahama nyumba.
Ilikuwa majini, sasa imo magunzini.
Magunia saba yako nyuma ya choo changu, nimeyafunika turubai.
Jikoni siyatii, moshi wake siujui.
Ng'ombe simpi. Shimo sijachimba,
kwa kuwa shimo nalo lina jirani.

Kila jioni nakwenda kuyatazama.
Buluu ya kunde iliyooza, buluu ya kucha iliyopondwa na mlango.
Kosa langu limepata uzito, linabebeka,
lina mahali lilipokaa, naweza kuliwekea jiwe juu.
Zamani lilikuwa mto.

Basi, ndoo hii hapa.
Usinywe, wala usinisifu.
Mwagilia tuta moja tu la vinyungu vyako,
lile dogo la pembeni, penye jiwe,
upande figili.

Nitarudi zikikomaa.
Nitang'oa mimi, kwa mkono wangu.
Wewe simama hapo hapo ulipo, na jembe lako,
utazame mzizi.