Milimita Moja

Jumatatu, kituo cha afya cha Samail,
kipoza hewa kinakohoa, vumbi la jana limelala dirishani.
Bi Shinuna kamleta mjukuu, mama mtu yuko nyuma, kimya.
Kusikia Kiswahili changu tu, uso ukamchanua:
"Kumbe wa kwetu! Basi mpime upesi, tuna harusi Nizwa."

Natafuta ncha ya bega, natafuta kisugudi,
katikati natia nukta ya kalamu.
Utepe huu hauna uzito, pakiti ya chai inaushinda.
Ukiukaza, nyama inabonyea, umemsingizia mtoto.
Ukiulegeza, umejidanganya mwenyewe.

Kumi na moja nukta nne.

Nyekundu inakwisha kwenye kumi na moja na nusu.

"Milimita moja," asema Bi Shinuna, "si unene wa ukucha?
Andika nusu, mwanangu. Kwetu halua haikauki siniani,
gari mbili mlangoni, tende tunagaia majirani.
Watu watasemaje? Kwamba Haitham ananyimwa?
Babu yake naye alikuwa mdogo wa mwili, na kaishi miaka tisini."

Niliwahi kuandika nusu, zamani.
Jina la mtoto yule silitaji.

Napima tena.
Nne.
Namlaza ubaoni, nayabana magoti, halii.
Mtoto wa miezi kumi na sita akibanwa magoti hupasua paa;
huyu ananitazama kama mtu aliye kwenye foleni ya benki.

Nyumba njema si mlango, nataka kusema. Nameza.
Nauliza tu anakula nini.
Bi Shinuna anahesabu: wali, nguru, asali ya mlimani.
Zamzam, mama mtu, anaongea na sakafu, kwa Kiarabu, polepole:
"Chai. Chai ya maziwa na biskuti.
Ziwa nimemwachisha mapema, nina mwingine tumboni.
Vingine anavitema,
na mimi nimechoka kumkimbiza na kijiko."

Bi Shinuna akavua miwani, akaifuta kwa pembe ya mtandio,
akaifuta, akaifuta, ilhali ilikwisha kutakata.
Kisha akausogeza mkono wa Haitham karibu na taa.
"Nionyeshe unavyoshika," akasema. "Pole pole. Na mimi nijue."

Nikaandika nne.
Harusi ya Nizwa hakuna aliyeitaja tena.